Makonda wa mabasi ya Mbeya–Iringa, siyo kila katuni ni ya watoto!

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Jana nimepanda basi la asubuhi kutoka Mbeya kwenda Iringa. Kampuni siitaji. Tumeivuka Uyole tu, konda akachomeka flashi kwenye runinga ya mbele, ikaanza M.O.D.O.K., katuni ya Marvel, wale Wamarekani wa hadithi za mashujaa. Shule zimefungwa, basi limejaa watoto, wengine wamepakatwa. Kuona lidude lenye kichwa kikubwa limekaa kwenye kiti kinachoelea, wakashangilia. Kufika Igurusi ni damu na matusi mfululizo, sauti imefunguliwa mpaka mwisho na spika ziko juu ya kila kiti.

Nikamfuata konda. "Mdogo wangu, hii ni ya watu wazima, itoe." Akanijibu, "Kaka, si katuni hiyo? Tena ya Marvel." Dereva naye akadakia kwamba abiria wengine mbona wametulia.

Hiyo tamthilia naijua, nimeitazama sehemu zote 10, na naipenda. Ilitoka Mei 2021 kupitia Hulu, huduma ya Marekani ya kutazama filamu mtandaoni. Waliobuni ni Jordan Blum na Patton Oswalt, na sauti ya M.O.D.O.K. ni ya Oswalt mwenyewe. Wametumia vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, ndiyo maana mtu akitupia jicho anadhani ni midoli ya watoto. Sasa tazama kisa chenyewe. Mwanamume anataka kuitawala dunia, lakini A.I.M., kampuni yake ya uhalifu, imeishiwa hela mpaka inanunuliwa na kampuni ya teknolojia, naye anapangiwa kazi na kijana kwenye ofisi aliyokuwa akiamuru yeye. Akirudi nyumbani mkewe Jodie kamchoka, anataka waachane. Watoto wao, Melissa na Lou, wako katikati. Aliyewahi kuyumba kazini au kwenye ndoa ataicheka na itamchoma. Mtoto wa darasa la pili anaambulia nini pale zaidi ya damu? Huko Marekani kwenyewe imewekewa alama ya TV-MA, yaani haiwafai walio chini ya miaka 17.

Na msiniletee habari ya "watoto hawajui Kiingereza". Mtu kukatwa kichwa kunahitaji mkalimani? Kuna mtoto nyuma yangu alikuwa analirudia tusi moja waziwazi kabla hatujafika Makambako, mama yake anacheka, hajui mwanawe anasema nini. Mama simlaumu hata kidogo. Amelipa nauli, filamu hakuichagua. Nyumbani angezima. Kwenye basi afanyeje, ashuke Chimala na mizigo yake?

Nyie wa vibanda vya kujazia filamu kwenye flashi nanyi mmo. Kila kilichochorwa mnakitupa kwenye folda moja ya KATUNI, mzazi anabeba akijua kawanunulia wanawe.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tunayo tangu 1976, na Bodi ya Filamu inapanga madaraja kwa umri. Kwa hiyo siombi jambo geni. Konda atazame kwanza anachotaka kutuwekea, na kama hana muda huo aweke muziki au azime, tutatazama mashamba ya mpunga.

Wenye mabasi najua mmo humu. Flashi za kwenye magari yenu anazijaza nani, na nani anazikagua? Nataka jibu.