Nimelipishwa "kemba" mara tatu kwenye pikapu ya ekseli nzima! Mafundi wa alaimenti mnatuona wajinga?

Wadau, habari zenu. Leo sina adabu, mnisamehe mapema.

Nina Land Cruiser 79, ile ya kebini moja, inabeba matangi ya maji na vyuma vya ujenzi kati ya Nairobi na Kajiado. Mwezi wa pili niliifungia tairi mbili mpya mbele, 7.50R16. Kufika wa nne, ukingo wa ndani wa zote mbili umelika hadi nyaya zinachungulia, na ukingo wa nje bado una vile vinyweleo vya mpira vya dukani. Miezi miwili! Na ndani ya hiyo miezi miwili nimefanya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa magurudumu, mara tatu, karakana ile ile ya Industrial Area, yenye vigae sakafuni, kochi la wateja na chai ya bure. 3,500 kila safari. Hiyo chai imenigharimu 10,500.

Risiti zote tatu zimeandikwa "kurekebisha kemba, kasta na tou". Hapo ndipo damu inachemka.

Gari hii mbele ina ekseli nzima, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kemba, yaani tairi kuegemea ndani au nje upande wa juu, ilishaamuliwa kiwandani chuma kilipotengenezwa. Hakuna bolti ya kuzungusha. Kemba ikikataa huko, ama ekseli imepinda ama beringi zimekufa, na dawa yake si spana. Kasta nayo, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kwenda mbele au nyuma, imeshikwa na bushi za mpira za ile mikono inayobeba ekseli. Kuibadilisha ni kutoa bushi kwa presi na kuingiza za aina nyingine, si kazi ya dakika ishirini mimi nikimalizia kikombe. Kinachorekebishika pale chini ni tou peke yake, yaani kama tairi mbili zinafunga au zinafungua mbele, na hiyo unaifanya kwa kuzungusha tairodi, ile fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Basi. Kunilipisha kemba ni kama kinyozi amlipishe mtoto wa darasa la tatu kunyolewa ndevu.

(Wenye Hilux na D-Max za karibuni msinirukie. Yenu mbele kila gurudumu linajitegemea, mna bolti za kamu kwenye mikono ya chini, kwa hivyo kemba yenu inarekebishika kweli. Na hakikisheni inapimwa gari ikiwa na uzito wake wa kawaida, maana springi ikilala, vipimo navyo vinahama.)

Jumapili nikatoa zile karatasi zao kwenye deshibodi nikazilinganisha. Safu ya "kabla" na safu ya "baada": kemba ile ile, kasta ile ile, hadi nambari ya mwisho. Tou peke yake ndiyo imetoka nyekundu ikawa kijani. Nikasema angalau hiyo waliifanya. Nikawasha tochi ya simu, nikaingia chini ya gari.

Jameni. Klampu ya tairodi, ile pete inayobana nyuzi zake zisizunguke, imefunikwa tope jekundu lililokauka, limeshikana na nyuzi za skrubu kama plasta ya ukuta. Halina ufa. Halina alama ya spana. Lile tope lilikuwepo kabla ya hizo tairi! Huwezi kuzungusha tairodi bila kulegeza hiyo klampu, na huwezi kuilegeza bila kulivunja hilo tope. Sasa kijani ilitoka wapi? Mashine inasoma kutoka kwa vibanio wanavyofunga kwenye rimu. Kimoja kikikaa vibaya, au kikisukumwa kidogo, nambari inahama na gari yenyewe haijaguswa.

Na mtu asiniambie "tou ni kitu kidogo". Tairi iliyokaa pembe ya digrii 1 kutoka njia yake inaburutwa kando kama mita 17 kwa kila kilomita. Nairobi hadi Kajiado ni kilomita 80 hivi, piga hesabu mwenyewe. Ni zaidi ya kilomita nzima ya kuburutwa lamini kwa ubavu, na kurudi ni nyingine. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka ndani kwenda nje, halafu urudi. Mwelekeo mmoja ukiteleza na mwingine ukikukwaruza kama msumeno, tou yako imekwenda. Mimi ningefanya hivyo wiki ya kwanza, tairi zingekuwa hai. Hilo ni kosa langu, nakubali.

Jumatatu nikaenda Grogan, kule kwa mafundi wa magari, kwa mzee mmoja asiye na kompyuta, ana kamba, futi na chaki. Hakuuliza gari inavuta wapi. Alilala chini, akaangalia nyuma ya ekseli, akatoka akiwa amekunja uso.

"Kijana, uligonga nini?"

Nikakumbuka. Januari, jiwe, karibu na machimbo. Tairodi ya gari hii iko nyuma ya ekseli. Ikipinda inakuwa fupi, inavuta tairi pamoja kwa nyuma, zinafunguka mbele, na tairi zinalika ndani. Upinde wenyewe unauona kwa macho! Vijana watatu wa ovaroli safi, mara tatu, na hakuna aliyeinama.

Mzee akafunga kamba pande zote mbili kutoka nyuma hadi mbele. Nikamwambia kamba haigusi sawa, nyuma imeacha nafasi. Akacheka. Kumbe tangu zile za 2007 magurudumu ya nyuma ya gari hii yamekaa ndani kuliko ya mbele, karibu sentimita 5 kila upande. Anachotafuta ni nafasi ya kushoto ilingane na ya kulia. Isipolingana, ekseli ya nyuma imesogea, mara nyingi senta bolti ya springi, ile inayoizuia ekseli isihame, imekatika kwa mizigo. Yangu ilikuwa sawa, shukrani. Tairodi nyingine, kupima, usukani ukanyooka. Jioni nimeshuka Mombasa Road mkono mmoja.

Nikawapigia wale wa vigae. Meneja, sauti laini: "Boss, ileteni tena tuwafanyie alaimenti ya bure."

Ya bure! Wakaipime nini tena?

Nina risiti tatu, karatasi tatu za mashine, picha za tope na ile tairodi iliyopinda iko hapa chini ya kitanda. Kuna yeyote humu amewahi kupeleka karakana Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani? Uliingia na ushahidi gani, na je, fundi wa kamba anaweza kusimama kama shahidi?