Bulbaa na snokeli ya Subaru ndogo ya 1/24 zinabanduka kila mara, nifanye aje?

suba_ya_naks (Nakuru)

Wakuu habari zenu. Niko na modeli ya Subaru Impreza ya buluu, skeli ya 1/24 (yaani gari halisi limepunguzwa mara 24), bodi ni ya chuma, bampa na upande wa chini ndio plastiki. Nilinunua ikiwa gari la kawaida tu la barabarani na nataka ikae kama ile dereva Colin McRae alishinda nayo mbio za Safari Rally mwaka wa 1997. Mzee wangu ni fundi wa magari hapa Naks tangu sijazaliwa na ile Safari aliifuata kwa redio mwanzo mwisho, hadi leo ukimtajia McRae anaweka spana chini kwanza akusimulie. Mwezi ujao anafikisha miaka 60 na nataka nimpe hiyo gari, yeye mwenyewe ameshasema itakaa kwa dashibodi ya pikapu.

Sasa shida. Bulbaa, ile fremu ya paipu ya kukinga mbele ya bampa, nilichapishiwa na jamaa mmoja wa printa ya 3D, kwa macho iko sawa kabisa. Snokeli, ile paipu ya hewa inayopanda kando ya kioo cha mbele, nikatengeneza na kile kijiti cha pamba ya masikio, nikapaka rangi nyeusi. Zote nikabandika na supaglu ya kitubu kidogo. Bulbaa ikakaa siku mbili ikaanguka, nikarudisha, ikakaa siku moja. Snokeli hata haikufika jioni. Na kibaya zaidi kioo cha mbele saa hii kiko na ukungu mweupe upande wa ndani kama mtu amepulizia unga, napangusa na kitambaa hautoki.

Ni gundi gani iko na nguvu kuliko hii? Niko tayari kununua hata ya bei, bora isibanduke, maana pikapu ya mzee inaenda mpaka Mau Narok kubeba viazi na hiyo barabara mnaijua.

jadunga_modeli (Kisumu)

Karibu sana ndugu, na hongera kwa kumfikiria mzee. Kabla hujanunua gundi ingine hebu fanya kitu kimoja. Chukua ile bulbaa iliyoanguka uigeuze, uangalie pale gundi ilikuwa. Gundi imebaki wapi, kwa bulbaa ama kwa gari? Na iko na rangi gani? Halafu fanya vivyo hivyo kwa snokeli. Nijibu kwanza.

suba_ya_naks

Nimeangalia na tochi ya simu. Bulbaa iko na vidoa viwili vya buluu pale chini ya miguu, kama magamba hivi, na kwa bampa pamebaki plastiki nyeusi tupu. Snokeli ni kinyume, kijiti kimetoka safi kabisa, gundi yote imebaki kwa gari.

jadunga_modeli

Basi hapo tumepata jibu, na si moja ni mawili.

Bulbaa yako gundi haikuachilia. Gundi ilishika vizuri sana, kilichoachilia ni rangi. Wewe ulibandika kitu juu ya rangi, na rangi yenyewe ndio ilikuwa imeshika bampa kidogo tu, sasa ukileta gundi ya nguvu zaidi utang'oa rangi kubwa zaidi, hakuna kingine. Pale mguu unakaa lazima ukwangue rangi yote itoke, kipande cha ukubwa wa punje ya ndengu kinatosha, kwangua na ncha ya wembe kisha upitishe msasa namba 400 pabaki na mikwaruzo, upanguse na spiriti, na usiguse tena na kidole kwa sababu mafuta ya kidole nayo ni ukuta.

Snokeli ni shida tofauti. Vile vijiti vingi ni vya plastiki ya utelezi, familia moja na vifuniko vya chupa na mirija ya wino ya biro. Supaglu haishiki hiyo plastiki, hata uikwangue mpaka kesho. Tupa.

Sasa jambo lenyewe. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo. Ukiivuta moja kwa moja inavumilia, lakini ukiigonga ama kuitingisha inapasuka, na dashibodi ya pikapu kwenye murram ni kugongwa kutoka asubuhi mpaka jioni. Kwa hivyo usiiachie gundi ibebe mzigo. Mzigo unabebwa na waya, gundi kazi yake ni kuzuia waya isitoke. Muulize mzee, bulbaa ya gari la kweli haishikiliwi na bampa, inapita bampa na kufungwa kwa chesi na bolti. Fanya hivyo hivyo kwa hii ndogo.

Mimi bulbaa zote natengeneza na spoki ya baiskeli. Spoki nyingi ni unene wa milimita 2, zidisha mara 24 unapata milimita 48, na hiyo ndio paipu ya bulbaa ukipima kwa gari halisi. Hapa Kibuye mafundi wa baiskeli wananipatia zilizovunjika bure. Ile laini inakunjika na koleo bila shida, ile inayokataa unaipasha moto mpaka iwe nyekundu halafu uiache ipoe polepole yenyewe, usiimwagie maji, ikishapoa itakunjika kama waya ya fensi. Kunja ule mpinde mkubwa kwanza, na miguu yake uiache mirefu, sentimita moja na nusu ama mbili, irudi nyuma. Hiyo miguu ndio bolti zako. Toboa bampa matundu mawili ya milimita 2, pitisha miguu mpaka iguse ile plastiki ya chesi nyuma ya bampa, toboa hapo pia kidogo iingie. Kisha huko nyuma ambako hakuna mtu anaona weka gundi ya Araldite ile ya kuchanganya tubu mbili, ile ya kukauka polepole, si ya dakika tano. Kipimo sawa kwa sawa, koroga dakika nzima, uiache siku moja kamili bila kuichokozachokoza. Watu wengi wanaharibu hapa, wanaona imekuwa ngumu jioni wanaanza kuipima na kidole.

Snokeli tumia waya ya umeme ya 2.5 (milimita mraba) ile ya kopa moja nene ndani, si ile ya nyuzi nyuzi. Ikiwa na ganda lake ni kama milimita tatu na nusu, kwa skeli yako ni paipu ya sentimita 8 na kitu, inafaa kabisa. Ukiikunja kufuata nguzo ya kioo inabaki vile umeikunja. Na uzuri wake ni huu, ukimenya ganda milimita 5 pale mwisho unapata kopa imechomoza, hiyo tayari ni pini, toboa tundu la milimita 1.8 kwa fenda uiingize. Juu pale inapanda kando ya kioo weka pini ingine ndogo ya waya ya stepula.

Kutoboa usitumie drili ya ukuta. Kuna kile kidrili cha kuzungusha kwa vidole, mafundi wa saa wanacho. Anza na ncha ya sindano kutia alama ndio biti isiteleze ikakwaruza boneti. Hicho chuma cha modeli ni laini, ni zinki nyingi, polepole tu inaingia.

uzi_na_rezini (Kakamega)

Jadunga amesema vizuri, mimi naongeza mambo mawili kwa sababu kazi yangu ni kuchapisha hizi vitu.

La kwanza, hata kama ungeifunga bulbaa yako ya printa na pini, kama imechapishwa na PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa za 3D, haitakaa kwa dashibodi. PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa vioo likiachwa juani saa nane mchana dashibodi inafika hapo bila shida. Mteja mmoja aliniletea kioo cha pembeni nilichomchapishia, kimelala kama jani la mboga, nikamtengenezea kingine cha rezini, ile plastiki ya majimaji inayogandishwa na mwanga, bila kumtoza kwa sababu ni mimi nilipaswa kumuuliza kitakaa wapi. Kwa hivyo spoki ni afadhali. Ukitaka kuchapisha taa ama tundu la hewa la juu ya paa omba rezini, ioshe na sabuni ya vyombo na mswaki kabla ya kubandika, na ukiipiga msasa ipige ikiwa na maji, hilo vumbi si la kuvuta kifuani.

La pili ni kioo. Ule ukungu ni moshi wa supaglu wenyewe, inapokauka inatoa mvuke na ule mvuke unakaa kwa plastiki angavu, na pahali pakiwa na unyevu hewani unazidi. Usipanguse na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha!! Itatoa supaglu na kioo chote, kitakuwa kama barafu chafu. Geuza gari, fungua skrubu za chini, bodi itatoka na kioo utakitoa. Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ile ya jeli, na kitambaa laini cha pamba, sugua kwa mizunguko midogo dakika kumi kumi, suuza, angalia, rudia. Kama ukungu si mzito kitarudi. Na ukitoboa bodi na kuweka gundi fanya hizo kazi zote kioo kikiwa nje, ukimaliza acha usiku mzima ndio ukirudishe. Chochote cha kuangaza, kioo ama taa, kibandike na gundi nyeupe ya mbao, inakauka ikawa haionekani na haina moshi.

fundi_bodi (Kisii)

Mimi ni wa magari makubwa lakini kijana wangu anapenda hizi ndogo kwa hivyo nimejifunza naye. Kwa maoni yangu pale chini ya miguu angeweka bodifila kidogo, ile ya kuzibia bodi za magari, inashika sana na unaipiga msasa inakuwa ni kama ilitoka kiwandani hivyo.

Lakini rangi ndio nataka kumwambia. Ukishatoboa na kukwangua utataka kugusia buluu. Usichukue rangi ya magari na thina ukapuliza moja kwa moja kwa ile bampa ya plastiki. Kijana wangu alipuliza bampa yake na rangi yangu ya gereji, ikajikunja yote kama utando wa maziwa yaliyopoa, alilia nikajisikia vibaya kwa sababu kopo ni mimi nilimpa. Thina inakula plastiki. Weka kwanza praima ya plastiki, vumbi vumbi tu, kopo likiwa mbali, ikauke, rudia mara tatu nyembamba, ndio buluu ifuate, nayo nyembamba.

jadunga_modeli

Mzee wangu wa Kisii kwa rangi nakubali kila neno. Kwa fila hapana. Fila ni ya kujaza na kupatia umbo, si ya kushikilia, ikitingishwa inapata ufa palepale mguu unaingia. Akitaka kuziba mwanya kuzunguka mguu atie tone la supaglu, anyunyizie baking soda juu, inakauka hapo hapo na inapigwa msasa. Lakini kioo kiwe nje!

fundi_bodi

Hiyo ya baking soda sikuwa naijua. Nitaijaribu.

suba_ya_naks

Nimerudi wakuu, ni siku ya tisa leo. Spoki nilipata kwa fundi wa baiskeli huku Bondeni, ya kwanza ilikataa kabisa ikavunjika kwa kona, ya pili nikaipasha kwa jiko la makaa vile Jadunga alisema na ikakunjika kama mchezo. Kutoboa bampa kulinichukua Jumamosi nzima kwa sababu tundu la kushoto lilienda chini nusu milimita na bulbaa ikawa imeinama, ikabidi nizibe na baking soda nianze upya, sasa imenyooka.

Kioo kimerudi. Si asilimia mia, kona moja bado iko na kaukungu lakini snokeli inapita hapo hapo inaifunika. Waya ya 2.5 imekaa kama ilizaliwa nayo, nikaipulizia nyeusi isiyong'aa. Madflapu nikakata kwa faili nyeusi ya plastiki, hizo nimezishonea na waya nyembamba kwa chesi, sijatumia gundi hata tone.

Jana nimeishika gari kwa bulbaa peke yake nikaitingisha juu ya godoro. Haikusonga. Nikaifunga ndani ya katoni na magazeti nikaiweka nyuma ya bodaboda mpaka Njoro na kurudi, nikafungua, kila kitu kiko mahali pake.

Imebaki swali moja. Nataka kuishikisha kwa dashibodi bila kutoboa dashibodi ya mzee, na aweze kuitoa akitaka kuonyesha watu. Sumaku chini ya chesi na kibati upande wa dashibodi inaweza kushika kwa barabara ya Mau Narok?

uzi_na_rezini

Sumaku sawa, lakini tumia zile ndogo zenye nguvu za spika za simu ama za hadidiski mbovu, nne, moja karibu na kila gurudumu, na uzizike ndani ya Araldite usizibandike juu juu. Kibati kiwe cha chuma cha kopo, alumini haitashika. Na tuletee picha mzee akiipokea.