Tupeane uzoefu: mwenza kanyimwa viza na mtoto keshazaliwa

Mkulima wa Uyole
Wakuu leo mwanangu kafikisha miezi saba na sijawahi kumshika. Mama yake Mwingereza, alikuja kujitolea huku Mbeya, akarudi kwao kujifungua. Niliomba viza ya kutembea tu, wiki tatu. Nikapanda basi stendi ya Nane Nane mpaka Dar kutoa alama za vidole nikarudi kusubiri. Majibu yakanikuta shambani tunachimba viazi, kioo cha simu kina matope nafuta kwa shati ndo nasoma, eti hawajaridhika kwamba nitarudi Tanzania, halafu akaunti ilikuwa na laki nne miezi yote ghafla ikaingia milioni sita. Sasa jamani hela ya viazi si inaingia siku lori limepakia? Mimi silipwi mshahara, nalipwa gunia. Nilikaa pale pale kwenye tuta vibarua wakaendelea kuchimba. Mama yangu Tukuyu alishanunua kitenge cha kumbebea mjukuu, kiko kwenye begi mpaka leo sijakitoa.

Mama Wawili Makambako
Pole sana kaka. Hicho kitenge kimeniliza.

Mnyalu wa Kihesa
Mngefunga ndoa kwanza viza ingetoka.

Mama Tunduma
Nani kakudanganya? Mi nina cheti cha bomani na nimenyimwa. Viza ya mwenza Uingereza wanaangalia kipato cha aliyeko kule, tangu Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka, kabla ilikuwa 18,600. Mume wangu anatunza wazee, hafikishi. Nimekata rufaa, ukiwa nje ya nchi yao una siku 28 tu.

Mnyalu wa Kihesa
Sijasema kwa ubaya dada, nimesema utaratibu.

Mama Tunduma
Utaratibu gani na mtoto analala na simu kifuani akisubiri baba apige?

Dada wa Mafinga
Ngoja na mimi niseme. Baba mtoto ni Mjerumani. Mtoto akapata paspoti ya kwao, mimi nikanyimwa viza. Usiku wa kuamkia safari akasema basi atangulie na mtoto nitafuata. Miezi tisa, ananyonya! Begi la mtoto lilikuwa mlangoni, nikalifungua nikatoa nguo moja moja, soksi, kofia ya sufu, nikarudisha kabatini, yeye anatazama tu, hatukusemezana mpaka asubuhi. Akaondoka peke yake analia. Kumbe nilikosea ombi, niliomba kama mchumba. Nimeomba upya kama mzazi wa mtoto wa Kijerumani, na mzazi hadaiwi cheti cha lugha cha A1, ile ngazi ya mwanzo ya Kijerumani, mke ndo anadaiwa. Miezi yote ile nilikuwa nakariri Kijerumani bure. Nasubiri majibu.

Kijana wa Njombe
Mi ningemwachia, mtoto akaanze maisha mazuri.

Mama Wawili Makambako
Ushawahi kunyonyesha wewe? Dada umefanya la maana, miezi tisa bado ni wa mgongoni.

Bibi Rungwe
Mwanangu wa Mafinga, alipofika alipiga simu?

Dada wa Mafinga
Alipiga, mama. Anapiga kila jioni.

Kijana wa Njombe
Mkulima kuna jamaa Dar anatengeneza stetimenti ya benki safi kabisa.

Dereva wa Tukuyu
Mkuu usithubutu! Uingereza wakikukamata na karatasi ya uongo wanakufungia kuingia kwao miaka 10, mtoto atakuwa darasa la tano hajakuona. Viza ya kutembea haina rufaa, omba upya hata kesho.

Mama Tunduma
Asiombe kesho, watamjibu yale yale. Asubiri msimu mwingine hela ipite benki kidogo kidogo.

Dereva wa Tukuyu
Msimu mwingine mtoto anatembea dada. Aeleze hiyo milioni sita ilikotoka, barua ya mtendaji wa kijiji, karatasi za shamba, risiti ya ushuru wa mazao ya siku ile ile lori lilipopita getini.

Mkulima wa Uyole
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Risiti ya ushuru alibaki nayo mwenye lori, nampigia sasa hivi.