Mlio kama wa nyenje sikioni, wiki ya 7 sasa. Mliopitia hili mlilalaje?

fundi_madirisha
Habari zenu wakuu, naandika hii saa tisa usiku na saa kumi na mbili natakiwa niwe kazini.

Mimi natengeneza madirisha na milango ya aluminiamu hapa Dar, miaka 9 nipo kwenye mashine ya kukatia na sijawahi kuvaa kitu chochote masikioni, karakana nzima hakuna anayevaa. Wiki saba zilizopita tulikuwa na oda ya ghorofa tukakata kutwa nzima hadi saa mbili usiku, nikarudi nyumbani masikio yanavuma nikasema kesho itaisha kama siku zote. Haikuisha. Ni sauti nyembamba kama nyenje, sikio la kushoto zaidi, la kulia kwa mbali, na haikati hata sekunde moja.

Mchana nikiwa na watu najisahau kidogo, shida ni usiku. Feni ikizunguka afadhali ila umeme ukikatika feni ikasimama, yaani ndo inajaa kichwa kizima, naamka nakaa kibarazani mpaka adhana ya alfajiri.

Hospitali nimeenda, wakanipima usikivu, daktari akasema nimepungua kidogo kwenye sauti nyembamba halafu akaniambia hii haina dawa, zoea tu, akaita mgonjwa mwingine. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, shemeji kaniletea mafuta ya kitunguu saumu nitie sikioni. Mtoto akidondosha kijiko nashtuka namfokea, halafu namuona anavyoniangalia naumia sana. Kuna usiku nimewaza vibaya, siwezi kuficha.

Swali langu ni moja tu, kuna mtu humu alipitia hili akarudi kuwa mtu wa kawaida? Na ilichukua muda gani?

kinu_cha_moro
Pole sana kaka. Ndiyo, yupo, ni mimi. Miaka 12 kwenye mashine ya kusaga huku Morogoro, mlio ulinianza 2018 na mpaka leo ninavyokuandikia upo, lakini nalala, nacheka, nafanya kazi, na zinapita siku nyingi sijaukumbuka kabisa. Naanza na hilo kwa sababu mimi nilikosa mtu wa kuniambia, nikakaa miezi mitatu nikiamini maisha yameisha.

Hilo la "zoea tu" naomba nikueleze vizuri maana lina ukweli ndani yake ila ulitupiwa kama jiwe. Huwezi kujiamrisha kuzoea, inakuja yenyewe na kuna vitu vinaisaidia na vingine vinaizuia. Kilichokuwa kinanizuia mimi ni kuupima. Nikiamka tu kabla sijafungua macho nasikiliza, upo? umepanda? umeshuka? Naingia chooni naziba masikio nasikiliza. Kila nikifanya hivyo ni kama nauambia ubongo kwamba hiki kitu ni hatari, endelea kukilinda, na ubongo ni mtiifu unaendelea. Kuna mwanasayansi anaitwa Pawel Jastreboff aliandika mwaka 1990 kwamba kinachomtesa mtu siyo mlio wenyewe peke yake, ni ile sehemu ya ubongo ya hofu kuushikilia kama adui, na hofu ikitulia ubongo unauacha upite kama unavyoacha sauti ya friji au mvua ya mabati. Nilisoma hilo nikajiona mle mle.

Kwa hiyo fanya hivi, usikae kimya kabisa. Mimi nilinunua redio ndogo ya betri, usiku naiweka katikati ya stesheni ile sauti ya "shhh" chini chini, chini ya mlio wenyewe, siyo kuuzima. Nasema ya betri kwa sababu ya huo umeme wako. Usijifungie pia, mimi nilikuwa nakimbia harusi na vijiwe nikabaki na mlio peke yetu chumbani na hapo ndo unanenepa.

Sasa muda. Miezi 3 ya kwanza mbaya mno. Kama wa 5 nikaanza kulala saa sita mfululizo. Wa 8 hivi nilikuwa naangalia mpira kibandani, mechi ikaisha natembea kurudi nyumbani ndo nikashtuka, aah, dakika tisini sijausikia! Nililia njiani. Halafu ukarudi nikaona nimerudi sifuri, lakini haikuwa sifuri, safari hii ulikaa siku nne tu. Hivyo ndivyo inavyokwenda, unapanda unashuka, ila kila ukishuka shimo ni fupi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wangu nilimlilia aondoke akagoma, siku nilipoacha kumuangalia kila saa ndo akakaa pembeni.

nesi_zamu_ya_usiku
Kaka pole, kwanza hayo mafuta ya kitunguu saumu usitie, na vile vijiti vya pamba acha, vinasukuma nta ndani na nta ikiziba nayo inaleta mlio.

Pili, umesema kushoto zaidi. Mlio ukiwa wa upande mmoja, au ukipiga pamoja na mapigo ya moyo, au una kizunguzungu, nenda kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, wengine wako hospitali za mikoa na za rufaa. Na yeyote anayesoma hapa, sikio likipoteza usikivu ghafla hiyo ni dharura, nenda siku hiyo hiyo maana dawa zake zinafanya kazi vizuri ndani ya siku chache za mwanzo. Wanaomeza dawa nao wamuulize daktari, wote tunajua kwinini inavyovumisha masikio, aspirini nyingi na baadhi ya sindano za kuua bakteria kama jenta (gentamicin) nazo zimo, ila usiache dozi mwenyewe.

Kuhusu kimya, mwaka 1953 kule Marekani watafiti waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri ndani ya chumba kisichoingiza sauti, karibu wote, asilimia 94, wakasema wanasikia milio kichwani. Kimya kikizidi ubongo unaongeza sauti yake, kwa hiyo hujarogwa.

Kazini vaa vizibo. Kelele za desibeli 85 mwisho ni saa 8 kwa siku, zikifika 100 ni dakika 15 tu, na hizo mashine zenu zinafika huko kirahisi. Ila usivae nyumbani, sikio litazidi kuwa jepesi na kijiko kitakuumiza zaidi.

Na hayo mawazo mabaya mwambie mkeo leo, usisubiri. Uliza hospitali kama kuna mtaalamu wa saikolojia, kuna tiba ya mazungumzo inayosaidia sana, haipunguzi sauti, inapunguza mateso.

mama_wawili
Mimi ni mke wa mwenye tatizo kama lako. Miezi minne alinificha, nikadhani ana mwanamke nje kwa vile usiku alikuwa anatoka kukaa uani. Siku aliyoniambia nilimuuliza ikoje hiyo sauti, akaiiga kwa mdomo, mluzi mwembamba, nikamwambia basi leo tutalala na redio wote. Tangu hapo sikuwa namuuliza kila asubuhi "leo upo?" maana niliona nikimuuliza ndo namkumbusha. Mwambie mkeo kaka, na mtoto pia mwambie baba anaumwa sikio, watoto wanaelewa.

fundi_madirisha
Nimesoma yote mara tatu. Mke nimemuamsha nimemwambia, amelia, tumekaa wote mpaka asubuhi. Asanteni.

fundi_madirisha
Nimerudi, ni miezi sita sasa toka niandike. Bingwa alinikuta na nta sikio la kushoto akaitoa, ikapungua kidogo haikuisha, vipimo vingine salama. Vizibo navaa na vijana wawili karakana wameanza kuvaa. Mwezi wa tatu niliteleza vibaya, malaria na madeni vikaja pamoja, mlio ukapanda wiki nzima, nikamkumbuka kinu_cha_moro nikasema shimo hili nalo litakuwa fupi, na kweli.

Juzi asubuhi mke ananiambia tupikie mkaa, umeme ulikatika saa nne usiku haujarudi. Nikamuuliza, saa nne? Feni ilisimama usiku kucha na mimi nililala.