Kuta za mapokezi ya ofisi kwa wasanii chipukizi: je, mwenye jengo alipe?

Hoja iliyo mezani: mwenye jengo la ofisi mjini anawaalika wasanii chipukizi watundike kazi ukumbi wa kuingilia kwa miezi 3. Hakuna ada, kazi ikiuzwa, fedha zote ni za msanii. Wakubali?

Msimamizi wa maonyesho: Kwa masharti hayo, hapana. Jengo linalipia maua ya mapokezi kila mwezi na hakuna anayemwambia mkulima kwamba "atajulikana". Ada ya kuonyesha ilipwe kwa kila kazi, hata kama ni ndogo, na usafiri wa kwenda na kurudi uwe juu ya jengo.

Meneja wa majengo: Galari nyingi za kuuzia sanaa huchukua hadi nusu ya bei, hapa hatuchukui hata senti. Tena tunatoa mlinzi, umeme na fundi wa kutundika. Ukiongeza ada, wenye majengo wengi watanunua mabango ya kuchapwa, na chipukizi watabaki bila ukuta.

Mchoraji: Asilimia mia ya mauzo yasiyotokea ni sifuri. Wapitaji wanakimbilia lifti, na mtu wa mapokezi hajui bei wala amwelekeze mnunuzi kwa nani. Angalau kila kazi iwe na kibao chenye jina, nyenzo zilizotumika, vipimo, bei na namba ya simu.

Fundi wa fremu: Mnabishania ada wakati kazi zenyewe zinaharibikia pale pale ukutani. Ukumbi wa vioo hupata mwanga wa jua wa maelfu ya luksi (kipimo cha mwanga), ilhali rangi ya maji na kazi nyingine za karatasi hazistahili kuzidi luksi 50, na rangi ya mafuta takriban 200. Kinachopauka hakirudi. Kwa hiyo karatasi iwekwe ukuta wa ndani usiopigwa na jua, au isiletwe kabisa.

Pili, usitundike kwa waya na kulabu moja: mlango ukijifunga kwa kishindo siku nzima, fremu inakaa upande. Tumia kulabu mbili, pima kwa pima maji, na chini ufunge skrubu ya usalama ili isichomolewe. Ukuta wa jasi unahitaji plagi zake maalumu za kushikia skrubu. Wa marumaru hautobolewi, fungeni reli ya kutundikia juu. Kioo cha milimita 3 kina kilo 7.5 kwa mita ya mraba, akriliki (plastiki angavu inayowekwa badala ya kioo) takriban nusu yake, lakini akriliki ina umeme tuli unaonyonya unga wa pasteli (chaki za rangi) na mkaa kutoka kwenye karatasi. Msafishaji naye akiipulizia dawa ya vioo yenye amonia, inafanya ufa mwembamba na ukungu. Aelekezwe kwa maandishi: kitambaa laini kikavu, basi.

Meneja wa majengo: Hilo la dawa ya vioo nalikubali, litaingia kwenye maelekezo ya usafi. Na njia ya dharura isizibwe na sanamu yoyote. Hapo sina mjadala.

Msimamizi wa maonyesho: Basi tuanzie kwenye mkataba wa maandishi: picha za kila kazi kabla ya kutundikwa, bima tangu inapotoka kwa msanii hadi inaporudi, kipengele kwamba kazi inabaki mali ya msanii jengo likiuzwa au kufilisika. Bila hayo, msanii asilete kitu. Ada nitaendelea kuidai.

Mchoraji: Nami pia, na ilipwe siku ya kutundika, isingoje siku ya kushusha.