Mabanyani wa Unguja waliishi vipi na Waislamu?

Pwani_Boy: Wakuu salaam. Juzi nilikuwa Mji Mkongwe napita Hurumzi mara nasikia kengele, kuangalia kumbe ni hekalu la Mabanyani, wale Wahindi wa dini ya Kihindu, na mtaani kote wanaume wamevaa kanzu na kofia. Si palikuwa na sultani wa Kiislamu hapa? Waliachwaje na masanamu yao? Wenye historia tiririkeni.

Babu_Forodhani: Biashara mjukuu wangu. Wale asili yao Kutch, kule Gujarati, na Maskati, Oman, walishakuwepo wakifanya biashara na hao hao Waarabu, kwa hiyo Seyyid Said, sultani wa kule, alipohamia Unguja hawakuwa wageni kwake. Forodha akamkodisha Jairam Shivji, Banyani, analipa fungu kwa mwaka halafu ushuru anakusanya mwenyewe, na sultani akiishiwa anakopa hapo hapo. Sasa anayekudai utamvunjia hekalu 😂 Hata leo Maskati mahekalu yapo, na Kanaksi Khimji aliyefariki 2021 alipewa cheo cha sheikh kule Oman na ni Mhindu.

BiShangani: Mie nimekua ukuta mmoja na Mabanyani. Idi mama hawapelekei pilau, anajua nyama hawagusi, anawatilia visheti kwenye sahani ya peke yake haijapata kuingia nyama. Diwali wanatuletea ladu, Ramadhani bajia zinafika kabla ya adhana. Lakini kukaa sinia moja sijaona hata siku moja, na kuoana ndo usiseme kabisa. Utotoni nikidhani wanaringa.

Karafuu_Chungu: Msipambe sana jamani. Banyani mbaya kiatu chake dawa, msemo huo umetoka wapi kama mapenzi yalikuwa hivyo? Wenye mashamba walikopa kwa Wahindi wakaweka karafuu rehani, na sio kwa Mabanyani tu, Wahindi Waislamu nao walikopesha, mpaka 1934 serikali ikatunga sheria mashamba yasiwaponyoke. Dini haikuwa tatizo, tatizo daftari la madeni. Halafu baada ya mapinduzi ya 1964 wengi wakaondoka.

BiShangani: Daftari kweli lilikuwepo, hata marehemu babu jina lake lilikuwamo, na visheti vikaenda vile vile.

Pwani_Boy: Dah. Bi mkubwa, hiyo sahani je?

BiShangani: Ipo kabatini juu, na ole wake wa kuitia mchuzi wa kuku. Wenyewe siku hizi wako Leicester.