Mshindi wa Bulabo: watu waamue kwa miguu yao, au majaji kwa kalamu?

Mtoa mada: Kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni hivi, Bujora pale Kisesa, Mwanza, hujaa watu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma; jina lenyewe ni maua kwa Kisukuma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa jadi, wanakutana uwanjani. Kanuni ya mbina, yaani ngoma za mashindano, mnaijua: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na duara lake, na aliyevuta watu wengi ndiye kashinda. Nasema ibaki hiyo hiyo, karatasi za alama zikae kando. Bugobogobo ni ngoma ya kulimia. Inaanza polepole, jembe litafute mdundo, ndipo majembe yarushwe juu na kudakwa kwa pamoja. Ukimpa ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, dakika kumi mbele ya meza ya majaji, umemkatiza akiwa bado anapasha ngoma moto.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, na wigashe je? Wale wanaimba wameketi, utamu wao wote uko kwenye maneno. Weka duara la Bayeye, wale wacheza na nyoka, jirani, chatu atoke kwenye kikapu, uone kama atabaki hata mtoto mmoja kusikiliza shairi. Kwa kanuni yako ningi wa wigashe atashindwa kila mwaka, na vijana wataacha kutunga. Kuhesabu vichwa kunafaa pale ngoma mbili za aina moja zinapopambana. Bagalu wa bugobogobo kwa Bagika wa bugobogobo, sawa. Nyoka kwa shairi, hapana.

Mchangiaji wa 2: Mnasahau uwanja wenyewe. Duara lililo upande upepo unakotoka sauti yake inawafikia wote. La pili linajisikia lenyewe tu. Lenye mti wa kivuli saa saba mchana limeshashinda kabla ngoma haijapigwa. Dawa yake ni raundi mbili: nusu ya kwanza hivi, kisha vikundi vibadilishane viwanja, watu wahesabiwe mwisho wa kila nusu. Kati ya nusu hizo ziachwe dakika 20, maana ngozi ya ngoma hulegea kukiwa na unyevu na inabidi ioteshwe moto wa nyasi. Ukiisogeza karibu mno inakauka na kupasuka. Na spika zipigwe marufuku kabisa! Kikundi chenye jenereta kinanunua watu, hakivuti watu.

Mtoa mada: Spika nakubali. Kubadilishana viwanja pia. Ila wigashe ukiipa majaji, nani atakuwa jaji? Anayejua Kisukuma cha mafumbo ni mzee wa Bagika au wa Bagalu, hakuna wa katikati.

Mchangiaji wa 1: Basi wawe wawili wawili kila upande, na kila mmoja apige kura kwa kundi la upande wa pili tu.

Mchangiaji wa 3: Kura hiyo itatoka sare kila mara, au wote watanyimana. Halafu hamjagusa samba, dawa ya kuvuta watu. Baningi wanaitumia, na kila anayeshindwa anasema kazidiwa dawa, si kazidiwa ngoma. Mimi hilo halinisumbui. Ushindani wa waganga umo ndani ya mbina tangu zamani za Ngika na Gumha, waanzilishi wa Bagika na Bagalu. Lakini mkileta majaji, jiandaeni: malalamiko hayo hayo yatahamia kwao, safari hii yakiitwa rushwa.